Jina Alilorudisha

Mgeni alipoingia maabara alimkuta mwanamke wa makamo kainama juu ya beseni, mikono ya koti kaikunja hadi kwenye viwiko, akihamisha konokono mmoja mmoja kwa kibano. Akamsalimia kwa adabu, kisha akauliza ofisi ya mtaalamu wa konokono iko wapi.

"Mtaalamu yupi?" mwanamke akauliza, ingawa katika jengo lile zima hapakuwa na mtu mwingine aliyethubutu hata kuwagusa.

Mgeni akatoa simu akamwonyesha. Ulikuwa ukurasa wa mtafiti, wa aina ile ambayo mtandao hukutengenezea wenyewe ukitaka usitake. Juu palikuwa na picha ya mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa. Chini yake zilipangwa makala, moja baada ya nyingine, zote za konokono wa maji baridi na ugonjwa wa kichocho. Mwanamke alizitambua bila kusoma zaidi ya maneno mawili matatu ya kila moja. Ile ya madimbwi ya wafyatua matofali ilimng'oa kucha za miguu. Ile ya mfereji wa umwagiliaji aliimaliza kitandani hospitali, juma lile mimba yake ya pekee ilipoharibika, kwa sababu mhariri alikuwa akiisubiri na yeye hakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Ghorofa ya pili," akasema. "Mlango wa mwisho kushoto."

Hakujua kwa nini alijibu hivyo. Labda kwa sababu ndilo swali aliloulizwa. Mgeni akashukuru, akapanda ngazi, na yeye akabaki na kibano mkononi, konokono akining'inia.

Wanafunzi walimwita Mama Konokono, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika. Alikuwa na sauti kavu, viatu vya mpira mlangoni pa ofisi yake, na tabia ya kusahau kula. Kwa muda mrefu alikuwa ameolewa na Profesa, mwalimu wa kemia katika chuo hicho hicho, mtu wa maneno laini ambaye hata akikukatalia jambo ungeondoka unamshukuru. Makala zake zote aliziandika kwa jina la mume: herufi ya kwanza ya jina lake, nukta, kisha lile jina la ukoo wa watu. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kitambulisho, ndivyo alivyoandika. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Waliachana kistaarabu, kama wanavyosema wale ambao hawajawahi kuachana. Profesa akaoa mwingine, mhadhiri kijana aliyetoka chuo cha mbali, aliyechunguza vijidudu vya maji ya kunywa. Chuo kikamwajiri kwa mkataba. Haikupita muda, Profesa akaja kusimama mlangoni pa maabara, nusu ndani nusu nje.

"Kuna jambo dogo," akasema. "Hili jina."

"Jina gani?"

"Langu. Mwenzangu naye yuko hapa hapa, na jina lake linaanza na herufi kama yako. Barua zitachanganyikana. Watu watauliza maswali."

Mama Konokono hakuinua hata kichwa kutoka kwenye hadubini. "Lichukue," akamwambia. "Sikuja nalo."

Akaenda kwa wakili, akala kiapo, akarudia jina la baba yake, fundi saa aliyefariki zamani na ambaye alianza kumwita daktari tangu yuko darasa la nne. Chuo kikabadilisha kibao cha mlango wake na anwani yake ya barua pepe. Siku ile alitembea kwa kichwa juu. Alijiona kama mtu aliyerudisha sufuria ya jirani ikiwa safi.

Sasa, baada ya mgeni kupanda ngazi, alifunika beseni, akanawa mikono, akaenda maktaba.

Mkutubi alikuwa mama mcheshi aliyekaa karibu na feni, na kazi yake siku hizi ilikuwa ya kompyuta zaidi kuliko ya vitabu. Alisikiliza, akafungua ule ukurasa, akaguna.

"Mashine haijui ndoa wala talaka, Daktari," akasema. "Inaona herufi, jina la ukoo, chuo, na maji. Yeye maji, wewe maji. Kwake nyie ni mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye picha."

"Na mimi niko wapi?"

Mkutubi akaandika jina la baba yake kwenye kisanduku cha kutafutia. Alikuja muuza matairi wa mji mwingine, na marehemu mmoja aliyekuwa mwimbaji wa kwaya. Baada ya hapo hapakuja mtu.

"Ile namba ya mtafiti niliyowaandikia wahadhiri wote wajisajili," mkutubi akasema polepole, "hukujisajili?"

"Nilikuwa mferejini."

"Basi tuanze leo. Na tuwaandikie hawa wenye mtandao."

Wakaandika. Jibu lilikuja upesi kiasi cha kutia shaka kama kuna binadamu aliyelisoma. Lilimshukuru kwa kuwasiliana. Lilisema kwamba kwa usalama wa watafiti, mabadiliko ya ukurasa huombwa na mwenye ukurasa peke yake. Akaandika tena, akieleza kwamba mwenye ukurasa siye mwenye kazi. Akashukuriwa tena, kwa maneno yale yale.

Jumamosi alipita saluni kwa dada yake mkubwa, msusi, ambaye alimweka kwenye kiti na kuanza kumfumua nywele bila kumuuliza. Mke mpya wa Profesa dada alimwita Bi Harusi, na aliendelea kumwita hivyo ingawa harusi yenyewe ilikwisha kusahaulika.

"Mume kachukua," dada akasema. "Jina kachukua. Sasa na konokono? Anawataka wa nini, awapike?"

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akacheka.

"Hakuchukua yeye, dada. Mashine ndiyo imempa."

"Na anayepewa kisicho chake akanyamaza, huyo tumwiteje?"

"Labda hajaona."

Dada akaacha kufumua. "Mdogo wangu, wewe umesoma mpaka umepitiliza. Mwanamke asijue kilichoandikwa chini ya picha yake? Nenda ukamwambie."

"Siendi. Nitasemaje? Nimekuja kudai jina la mumeo?"

Hakwenda. Matumaini yake aliyaweka kwingine. Maombi yake ya kupanda kuwa profesa mshiriki yalikuwa tayari mbele ya kamati, na humo alikuwa ameambatisha nakala za makala zote, ukurasa kwa ukurasa. Karatasi haina mashine, alijiambia. Watasoma, wataona ni mkono mmoja.

Kamati ikamwita. Aliingia chumba chenye meza ndefu na mapazia mazito, akakuta wanaume wanne na mwanamke mmoja wakitazama meza. Mwenyekiti alikuwa mtu muungwana, aliyemfahamu tangu wote wawili ni wasaidizi wa kufundisha.

"Daktari," akaanza, "umeorodhesha kazi ambazo mfumo unaonyesha ni za mhadhiri mwingine wa chuo hiki."

Alikuwa amejiandaa. Akaweka mezani cheti cha ndoa, cheti cha talaka, na kiapo cha jina. Vikapita mkono kwa mkono. Mwanamke wa kamati alikisoma cheti cha talaka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sisi tunakuamini," mwenyekiti akasema. "Mimi mwenyewe nilikula kwenye harusi yako."

"Basi?"

"Basi kamati haiingii mambo ya ndoa. Faili linakwenda kwa wathamini wa nje, watu wasiokujua wewe wala mimi. Wao hufungua mtandao kwanza. Wakikuta kazi zako zina sura ya mtu mwingine, watasema tunapandisha vyeo wezi."

Mwenyekiti akakohoa. "Sisemi wewe. Nasema watakavyoona wao. Rekebisha ukurasa kabla muhula haujaisha, sisi tupo."

Alitoka akiwa amebana vyeti kifuani kama mtoto aliyefukuzwa shule. Kwenye ngazi hakushuka kwenda maabara. Alipanda, akaufuata ukumbi hadi mlango wa mwisho kushoto, akagonga.

Bi Harusi aliinuka alipomwona. Ana kwa ana alikuwa mdogo kuliko picha, na amechoka. Dirishani alikuwa na mche wa pilipili kwenye kopo la rangi.

"Karibu, dada," akasema, na neno hilo halikuwa na pa kukaa, likabaki limesimama kati yao. "Nilijua utakuja. Kwanza nilitamani uje haraka. Baadaye nikatamani usije kabisa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mara ya kwanza nilipoziona niliziondoa. Nakuapia. Zikarudi zenyewe. Nikaziondoa tena, zikarudi. Halafu barua zikaanza kuja. Watu wa nje, watu wakubwa, wananiita Profesa, na mimi mkataba wangu unaisha mwaka huu." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Sikuziondoa tena."

"Na yule mgeni niliyemwelekeza kwako?"

"Nilimwambia nitafikiri. Anataka mtu wa kuongoza mradi wa kichocho kwenye mfereji wako wote, miaka mitano. Dawa kwa watoto, vyoo, kila kitu. Sikujua hata mfereji wenyewe uko upande gani. Nilikubali kufikiri."

Mama Konokono alitarajia kukasirika. Njiani alikuwa ametayarisha maneno. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu anayeogopa kukosa kazi, na woga huo aliujua vizuri mno.

"Vuta kiti kingine," akasema. "Tuzitoe pamoja."

Walikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta ya Bi Harusi. Yeye aliondoa kwenye ukurasa wake, na mwenzake, kwa kompyuta ndogo aliyoteremka kuiazima maktaba, akaongeza kwenye ukurasa mpya wa jina la baba yake. Kila makala Bi Harusi aliuliza, "Hii yako?" naye akajibu, "Yangu." Baada ya muda ukawa kama wimbo wa kutwangia. Ilipofika ile ya kemia ya madimbwi, jina la ukoo lilikuwapo mara mbili, la Mama Konokono na la Profesa, ubavu kwa ubavu. Bi Harusi hakuuliza. Alibonyeza tu, wakaendelea.

Walipomaliza Bi Harusi alimchumia pilipili mbili, kwa kukosa la kufanya, na Mama Konokono akazipokea. Siku chache zilizofuata alikula kwa wakati, akalala vizuri. Kila asubuhi alifungua ukurasa wake kabla ya kuvaa viatu, akaziona makala zimekaa chini ya jina la fundi saa.

Asubuhi moja hazikuwapo. Palikuwa na ujumbe kwamba kurasa mbili zimefungwa kwa sababu ya shughuli isiyo ya kawaida: kazi nyingi zimehamishwa kwa mkupuo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, katika jengo moja. Kila makala ingerudishwa kwa mwenyewe baada ya mwandishi kuthibitisha kupitia anwani ya barua pepe iliyochapwa kwenye makala yenyewe.

Alikimbia maktaba. Mkutubi akasoma, akauliza, "Anwani iliyochapwa ni ipi?"

Ilikuwa herufi yake, nukta, na jina la ukoo la Profesa.

Wakashuka kwa fundi wa mitandao wa chuo, kwenye chumba cha baridi kilichojaa nyaya. Fundi akatafuta, akakuna kidevu.

"Anwani ipo, inafanya kazi," akasema. "Ila ina mwenyewe. Ulipoiacha, tulimpa mhadhiri mpya. Ndiyo kanuni, herufi na jina."

"Nirudishie kwa siku moja tu."

"Mama, hiyo ni barua ya mtu. Nikikufungulia ya mwenzako, kesho nikifungua yako utasemaje?"

Akapanda tena ghorofa ya pili. Bi Harusi alikuwa anamsubiri mlango wazi. Maswali yalikuwa yamejaa kwenye kioo cha kompyuta yake, moja kwa kila makala: Je, wewe ndiye mwandishi wa kazi hii? Chini yake vitufe viwili tu, Ndiyo na Hapana.

"Nikibonyeza ndiyo, zinakuwa zangu moja kwa moja," Bi Harusi akasema. "Nikibonyeza hapana, sijui zinakwenda wapi. Hakuna mahali pa kuandika jina lako. Nimetafuta. Ukisema niziache hivi hivi, muda utapita na itakuwa kama nimekataa. Nibonyeze lipi, dada?"

Nje wanafunzi walikuwa wakicheka jambo fulani. Mama Konokono aliitazama orodha, akaisoma yote hadi chini, akarudi juu akaisoma tena.

"Sema ukweli," akajibu.

Bi Harusi alibonyeza Hapana, na Hapana, na Hapana, machozi yakimtiririka bila sauti. Kila makala ilipata mstari mmoja wa kijivu: mwandishi hajathibitishwa.

Kilichobaki kilikuwa kuandikia majarida, moja moja, kuomba jina libadilishwe. Mkutubi alimsaidia. Jarida moja lilikuwa limekufa na tovuti yake sasa iliuza dawa za kupunguza mwili. La pili lilijibu kwamba mhariri wake wa wakati ule amefariki na kumbukumbu hazipo. La tatu lilikubali, lakini likataka barua itumwe kutoka kwenye anwani ya awali, kwa uhakika; Bi Harusi alipoituma kwa niaba yake, likajibu kwamba mtumaji si mwandishi. Muhula ukaisha. Kamati ikalirudisha faili lake pamoja na vyeti, vikiwa kwenye bahasha safi.

Mgeni hakuja tena. Taasisi yake iliandika kwa kifupi kwamba, kwa kuwa umiliki wa utafiti wa awali una utata, mradi umepelekwa nchi nyingine. Mkuu wa idara alimwita Mama Konokono akamsomea barua hiyo, kisha akaongeza kwamba idara inahitaji nafasi, na kwa kuwa hakuna mradi, mabeseni yatoke kufikia Ijumaa. Aliyatoa mwenyewe. Kisheria konokono wale hawakuruhusiwa kurudishwa majini, kwa hiyo aliwamwagia maji ya moto, beseni baada ya beseni, chumba kizima kikanuka.

Mkataba wa Bi Harusi haukuongezwa. Profesa alikutana na mke wake wa zamani kwenye ukumbi, akasimama karibu sana, na kwa sauti yake ile laini akamuuliza, "Umeridhika sasa?"

Mama Konokono alitaka kumwambia kuhusu mfereji. Alikuwa amepita huko wiki hiyo kwa miguu yake, bila kazi wala chujio la kukusanyia konokono, akakuta watoto wamevua nguo wanaruka kutoka kwenye ukingo wa saruji, na mmoja wao, wa miaka minane hivi, akajitenga kukojoa kwenye nyasi, na mkojo ukatoka na damu. Yule mtoto hakushtuka. Alidhani ndivyo ulivyo. Lakini Profesa alikuwa ameshaondoka.

Alipomsimulia dada yake, dada hakupata la kuchekesha. Alimsuka akimvuta taratibu, na mwishoni akamshika mabega yote mawili, asiyaachie upesi.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo chuo kilitangaza mafunzo ya lazima. Barua ya mwaliko iliandikwa kwa kila mhadhiri ambaye mfumo ulionyesha hana chapisho lolote. Ilianza hivi: Ndugu mtafiti chipukizi. Mkutubi, aliyeagizwa kuzituma, alimpigia simu kabla.

"Usije, Daktari," akasema. "Nitasema unaumwa."

"Wataandika kwamba sikuja."

Alikwenda. Ukumbi ulijaa vijana waliomwita mama na kumpisha kiti cha mbele, akakataa, akakaa nyuma. Mkufunzi alikuwa mchangamfu, shati limepigwa pasi kali. Aliwafundisha kuchagua picha nzuri, kutumia jina moja maisha yote, kujisajili mapema. Alisema mtafiti asiyeonekana mtandaoni ni sawa na ambaye hajafanya kazi. Vijana wakaandika hilo.

Kisha akataka wajitambulishe, kila mtu aseme jina lake na alichokwisha kuchapisha, hata kama ni kidogo, asione haya. Zamu ikatembea safu kwa safu. Mmoja alikuwa na makala moja na wenzake sita. Mwingine alikuwa na muhtasari wa mkutano. Walipigiwa makofi wote.

Zamu ilipofika nyuma, mkufunzi akamtazama kwa huruma ile ya mtu anayemwona bibi amekaa na wajukuu darasani.

"Na wewe, mama yetu?"

Alisimama. Alitaja jina lake, jina la baba yake, polepole na kwa ukamilifu. Akashika mgongo wa kiti cha mbele.

"Bado sijaandika," akasema.

"Hakuna shida kabisa," mkufunzi akamwambia. "Ndiyo maana tuko hapa."

Vijana wakampigia makofi, kwa nguvu kuliko walivyowapigia wengine, na mmoja akageuka akamtabasamia. Akakaa. Mkufunzi akawasha tena mashine yake ukutani, akawaonyesha namna ya kuweka picha.